Kambi ikipigwa mabomu, vifo haviishii siku ile

Wiki hii nilipanga kuendelea na lishe ya watoto wanaoachishwa ziwa. Itasubiri wiki ijayo. Kuna ujumbe umenifikia kutoka Ruponda, wilayani Nachingwea, na nimeona jibu lake linawahusu wengi kuliko familia moja. Mwenye ujumbe ameniruhusu niutumie bila jina lake.

Anaandika: "Shikamoo daktari. Baba mkwe wangu ana miaka sabini na kidogo. Alizaliwa upande wa Mueda, Msumbiji, akavuka Ruvuma akiwa mtoto wakati wa vita vya Mreno. Mguu wake wa kulia una kidonda kinachofunga na kufunguka tangu tumfahamu, na sikio moja halisikii. Mwezi uliopita wajukuu walimwonesha kwenye simu video ya kambi ya watu waliokimbia vita, mahema yanaungua. Tangu siku hiyo halali ndani. Anatandika mkeka chini ya mkorosho. Watu wanasema amerukwa na akili. Anauliza swali moja tu kila siku, wale waliokuwa wagonjwa ndani ya mahema nani aliwabeba? Na mtoto wangu wa miaka sita, naye aliiona ile video, ameanza kukojoa kitandani. Tufanye nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nitakujibu yote, mguu, usingizi wa mzee na mtoto. Lakini swali la baba mkwe wako ni la mtu mwenye akili timamu. Ni swali ambalo sisi madaktari tunapaswa kuliuliza kila tunaposikia redioni kwamba kambi fulani imepigwa, na kwa kawaida hatuliulizi. Tunasikia idadi ya waliokufa, tunasikitika, tunageuza stesheni. Kwa hiyo nivumilie, nianze na swali lake.

Nachingwea si mgeni wa habari hizi

Vijana wengi wa Nachingwea na Ruangwa wamesikia jina la Farm 17 bila kujua lilibeba nini. Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita vyake dhidi ya Mreno vikaanza Septemba 1964 kaskazini mwa Msumbiji, na kambi yake kubwa ya mafunzo ikawa hapo Nachingwea, katika shamba lililoachwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanguka. Pamoja na wapiganaji walikuja raia. Wengi walipokelewa katika makazi ya wakimbizi ya Rutamba, mkoani Lindi. Wengine waliingia moja kwa moja vijijini kwa ndugu, maana Wamakonde, Wamakua na Wayao wako kingo zote mbili za Ruvuma na mto haujawahi kuwazuia kuoana.

Upande wa pili wa mto Wareno walikuwa na ndege za kivita za Fiat G.91, na walitumia mabomu ya kawaida pamoja na mabomu ya moto ya napamu. Maeneo waliyoyapiga waliyaita ya magaidi. Humo humo mlikuwa na vijiji, mihogo shambani, na wanawake wenye watoto mgongoni. Tarehe 16 Desemba 1972, huko Wiriyamu, mkoani Tete, mauaji yalianza kwa ndege kudondosha mabomu, ndipo makomando wakaingia. Dunia iliyasikia vizuri Julai 1973, padri Adrian Hastings alipoyatoa katika gazeti la The Times la London. Zaidi ya nusu mwaka ilipita kabla ya habari kufika.

Majeruhi waliofanikiwa kuvuka walitibiwa katika hospitali ya Frelimo iliyokuwa Mtwara. Hospitali hiyo ilipewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa Septemba 1968 Wareno walipoishambulia kwa helikopta kambi ya MPLA aliyokuwa akifanya kazi. Natamani jina hilo lingetajwa katika vyuo vyetu vya afya vya kusini. Sidhani kama hutajwa.

Watanzania wenyewe tumeonja kidogo. Machi 1979, katika vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza ilikosa shabaha na bomu likaua swala katika kisiwa cha Saanane. Tunacheka tunapoisimulia. Siku ile pale pangekuwa na kambi ya mahema, tusingekuwa na cha kucheka.

Watu watatu wa Dedebit

Nichukue tukio moja lililochunguzwa vizuri. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Januari 2022, usiku wa sikukuu ya Krismasi ya Waorthodoksi wa Ethiopia, ndege isiyo na rubani ilidondosha mabomu katika kambi ya Dedebit, kaskazini-magharibi mwa Tigray. Kambi yenyewe ilikuwa shule. Watu waliokimbia mapigano kwingine walikuwa wamelala madarasani na uani, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza na halikukuta ushahidi wa shabaha ya kijeshi mahali pale. Shirika hilo lilisema lilikuwa shambulio la serikali. Serikali ya Ethiopia, kwa upande wake, ilikuwa ikikanusha katika vita vile kwamba inalenga raia.

Idadi ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa waliokufa 56 na majeruhi 30. Siku chache baadaye Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema watatu kati ya majeruhi mahututi nao wamefariki hospitalini, hivyo waliokufa ni 59 au zaidi.

Msomaji, naomba uwatazame hao watatu. Bomu halikuwaua pale pale. Walibebwa, wakafika hospitali, wakalazwa, kisha wakafa. Kwangu mimi hapo ndipo kazi ya daktari inapoanza.

Majeruhi wa Dedebit walipelekwa hospitali ya Suhul, mjini Shire. Wakati huo Tigray ilikuwa imefungwa. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk Tedros, ambaye naye ni Mtigray kwa asili, alilalamika Januari hiyo hiyo kwamba shirika lake lilikuwa halijaruhusiwa kupeleka dawa huko tangu Julai 2021. Madaktari wa hospitali ya Ayder, mjini Mekelle, walitangaza hadharani kwamba wameishiwa dawa na vifaa. Sasa fikiria majeruhi thelathini wanaingia usiku mmoja katika hospitali ya namna hiyo, hata kama madaktari wake ni hodari kuliko sisi.

Mlipuko unaufanya nini mwili

Majeraha ya mlipuko niliyaona kwa mara ya kwanza Aprili 2009, nikiwa daktari wa mafunzo kwa vitendo Dar es Salaam, ghala la silaha la jeshi la Mbagala lilipolipuka tarehe 29. Haikuwa vita, lakini mwili haujui tofauti. Nilijifunza jambo moja usiku ule ambalo sijalisahau, kwamba mgonjwa anayelia kwa sauti si lazima awe ndiye mwenye hali mbaya. Yule aliyekaa kimya kwenye benchi, hana jeraha, anasema tu "sisikii vizuri", ndiye wa kumtazama.

Nikueleze kwa nini. Bomu likilipuka, hewa inasukumwa kwa nguvu kubwa mno, na msukumo huo unaumiza zaidi sehemu za mwili zenye hewa ndani, yaani masikio, mapafu na utumbo. Ngoma ya sikio ndiyo hupasuka kwa urahisi zaidi. Mapafu yanaweza kuvuja damu ndani bila ngozi kuonesha hata mchubuko, na mtu akatembea, akaongea, akaomba maji, kisha saa chache baadaye akaanza kukosa pumzi. Utumbo nao unaweza kutoboka na dalili zikajitokeza kesho yake. Ndiyo maana mtu aliyekuwa karibu na mlipuko, na hasa aliyezibwa masikio ghafla au anayekohoa damu, hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa haraka.

Halafu kuna vipande vya chuma. Tundu la kuingilia linaweza kuwa dogo kama punje ya mahindi, wakati ndani nyama na mfupa vimesagika, na vipande vimeingia na udongo, nguo na kinyesi cha wanyama. Kidonda kama hicho hakishonwi siku hiyo. Kinasafishwa chumba cha upasuaji, kinaachwa wazi, kinatazamwa tena, na kikiwa safi ndipo kinafungwa baada ya siku nne au tano. Maana yake mgonjwa mmoja anahitaji dawa ya usingizi zaidi ya mara moja, dawa za kuua bakteria, chanjo ya pepopunda, bandeji za wiki nzima, na muuguzi wa kuzibadilisha. Chukua hesabu hiyo uizidishe kwa thelathini.

Mtoto ana shida zake. Mtoto wa kilo kumi ana damu isiyozidi mililita 800 mwilini. Ni chupa mbili za soda na kidogo. Damu ambayo mtu mzima angeipoteza na bado akaongea inatosha kummaliza mtoto. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, mifupa ya kifua chake ni laini, na kipande kilichompata mama gotini kitampata yeye tumboni.

Na kambi ina shida zake. Ukuta wa tofali unaweza kuzuia kipande cha chuma, turubai haliwezi. Hema moja likishika moto, la pili liko hatua mbili. Turubai la plastiki likiyeyuka linaganda kwenye ngozi, na ukilibandua unabandua na ngozi. Watu wamelala wamebanana, kwa hiyo bomu ambalo shambani lingeua wawili hapo linaua ukoo. Hakuna barabara ya gari la wagonjwa katikati ya mahema, na mara nyingi hakuna gari lenyewe. Baba mkwe wako anauliza nani aliwabeba wagonjwa. Jibu la kweli ni kwamba wale waliokwisha kuwa wagonjwa kabla ya bomu, mama aliyejifungua jana, mzee mwenye kiharusi, mtoto mwenye nimonia, hao ndio wanaobaki nyuma watu wanapokimbia.

Vifo visivyoandikwa

Baada ya Dedebit, mashirika ya misaada yalisimamisha kazi katika eneo lile kwa kuhofia mashambulio mengine. Siwalaumu, mfanyakazi wa afya naye ana watoto. Lakini tazama kinachofuata shirika likiondoka kambini. Chanjo ya surua inakoma, na surua ndiyo ugonjwa unaozipenda kambi kuliko magonjwa yote. Matangi ya maji hayajazwi, watu wanarudi kisimani au mtoni, kipindupindu kinaingia. Mwenye kisukari anakosa insulini, na siku zake zinahesabika. Mwenye virusi vya Ukimwi anaacha dawa kwa mwezi, kisha miezi miwili. Mjamzito ambaye kondo la nyuma limeachia kwa sababu ya kuanguka akikimbia anahitaji upasuaji ndani ya muda mfupi, na wa kumpasua hayupo.

Hao hawamo katika idadi ya 59. Hawatajwi popote kwamba wameuawa na bomu. Wakiandikwa, wanaandikwa wamekufa kwa surua, kwa kuharisha, kwa uzazi. Miaka mingi ya kazi imenifanya nisiziamini sana takwimu za siku ya kwanza. Hazitudanganyi kuhusu waliokufa siku hiyo. Zinatufanya tudhani mambo yamekwisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaojadili kupigwa kwa kambi kama jambo moja na kuzuiwa kwa dawa kama jambo jingine la kisiasa, la vibali na vizuizi vya barabarani. Kwa mgonjwa aliyelala Shire ni jambo moja. Aliyedondosha bomu alimjeruhi, na aliyezuia lori la dawa alihakikisha haponi. Wakati mwingine ni mkono ule ule.

Goma, kwa Kiswahili chetu

Usidhani ni mambo ya Ethiopia tu. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, nje kidogo ya Goma, mashariki mwa Kongo. Hayakutoka kwenye ndege, yalirushwa kutoka ardhini, lakini kwa aliye ndani ya hema ni yale yale. Taarifa za kwanza zilitaja waliokufa tisa au zaidi, wengi watoto, na idadi ikaendelea kupanda kwa siku zilizofuata. Marekani ilisema makombora yalitoka kwa jeshi la Rwanda na M23. Rwanda ilikanusha. Human Rights Watch baadaye ilieleza jambo ambalo wakazi wa kambi walikuwa wakililalamikia muda mrefu, kwamba jeshi la Kongo nalo liliweka mizinga yake karibu na kambi, likafyatua kutoka hapo, na hivyo kuwaingiza watu wa mahema katikati ya majibizano.

Mama wa Mugunga analia kwa Kiswahili. Ukisikiliza video bila kutazama unaweza kudhani ni Kigoma, na kwa kweli ndugu zake wengine wako Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu, tangu mwaka 1996. Vijana wetu wa JWTZ nao walikuwa huko katika kikosi cha SADC, na baadhi wamerudi kwenye majeneza. Huko Goma hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huweka timu ya upasuaji, ilielemewa Januari 2025 mji ulipotekwa, vitanda havikutosha. Sudan nako, Oktoba 2025, droni na mizinga vilipiga kituo cha Dar al-Arqam mjini El Fasher, ambako familia zilizokimbia makazi zilijihifadhi, na zaidi ya watu hamsini waliuawa. Huenda wajukuu wa Ruponda waliiona hiyo, au nyingine. Zimekuwa nyingi kiasi kwamba siwezi kusema ni ipi.

Na jirani zaidi? Cabo Delgado, ng'ambo ya mto hapo. Machi 2021 shirika la Amnesty International lilituhumu pande tatu kwa kuua raia, yaani waasi, jeshi la serikali, na kampuni ya Afrika Kusini ya Dyck Advisory Group iliyokodiwa na serikali, kwamba watu wake walifyatua risasi na kurusha mabomu ya mkono kutoka kwenye helikopta katikati ya umati bila kubagua. Kampuni iliahidi kuzichunguza tuhuma hizo. Kwa hiyo huyo mzee alikimbia helikopta na ndege za Mreno akiwa mtoto, na uzeeni amesikia kwamba kule kule zimerudi.

Kila mara utasikia utetezi huu: "Palikuwa na wapiganaji ndani ya kambi." Wakati mwingine ni kweli. Lakini sheria ya vita haikuandikwa kwa ajili ya mahali ambapo kila mmoja ni malaika. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inasema majeruhi na mgonjwa atunzwe, awe wa upande wowote, hata kama jana alishika bunduki. Nyongeza zake za mwaka 1977 zinakataza kulenga raia. Shambulio la kijeshi ambalo madhara yake kwa raia yanazidi faida yake halitakiwi kufanywa, na anayejificha nyuma ya raia naye ana hatia yake. Afrika imekwenda mbali zaidi. Umoja wa Afrika ulipitisha Kampala, Oktoba 2009, mkataba maalumu wa kuwalinda watu waliokimbia makazi ndani ya nchi zao, nao ukaanza kutumika Desemba 2012. Hakuna bara jingine lenye mkataba wa aina hiyo wenye nguvu ya kisheria. Karatasi tunazo.

Sasa nirudi Ruponda

Nianze na mguu. Kidonda kinachofunga na kufunguka kwa miaka mingi juu ya jeraha la zamani, kikitoa usaha na mara nyingine vijipande vya mfupa, kwa kawaida ni maambukizi yaliyojificha ndani ya mfupa. Dawa za kununua dukani kwa siku tano hazitakiponya, zitakituliza tu. Mpelekeni hospitali yenye X-ray na daktari wa upasuaji. Picha itaonesha kama kuna mfupa uliokufa au kipande cha chuma. Kipande chenyewe kikiwa kimetulia ndani ya nyama, mara nyingi tunakiacha, kwa sababu kukitafuta kunaweza kuumiza kuliko kukiacha. Kikiwa ndani ya kiungo kama goti, au penye usaha, hapo tunakitoa. Na kama kingo za kidonda zimeanza kuvimba kama koliflawa, zinatoa damu au harufu imebadilika, msisubiri mauzo ya korosho, mpelekeni wiki hii hii, maana kidonda cha miaka mingi kinaweza kugeuka saratani.

Jambo jingine kuhusu chuma. Siku yoyote mzee akiandikiwa kipimo cha MRI, lazima aseme kabla hajaingia chumbani kwamba aliwahi kupigwa na vipande vya bomu. Mashine ile ni sumaku kubwa na inaweza kukisogeza kipande au kukipasha joto, na kikiwa jichoni au karibu na mshipa mkubwa ni hatari. Ni vizuri familia nzima ijue, kwa sababu siku hiyo huenda yeye asiweze kusema.

Sikio. Ngoma iliyopasuka kwa mlipuko mara nyingi huziba yenyewe ndani ya wiki chache likiachwa kavu. Halitiwi mafuta ya nazi, wala maji ya majani, wala kitu chochote. Lakini baada ya miaka hamsini, kilichobaki kina uwezekano mkubwa wa kuwa madhara ya sikio la ndani, na hayo hayarudi. Kifaa cha kusaidia kusikia kinaweza kumfaa. Kumbuka pia kwamba mtu asiyesikia vizuri anashtuka zaidi, kwa hiyo msimwendee kwa nyuma akiwa amelala. Simama anapokuona, ndipo umguse.

Usingizi. Baba mkwe wako hajarukwa na akili. Mtu aliyepita katika hatari ya namna ile anaweza kuishi miaka mingi kwa amani, kisha sauti, harufu au picha ikamrudisha pale pale, moyo ukaenda mbio, mwili ukatafuta mahali pa wazi pa kukimbilia. Kwake yeye nyumba ni kitu kinachoungua na mkorosho ni salama. Msimburute ndani. Mpeni chandarua na blanketi huko nje kwanza, na mtu wa kulala karibu naye. Akitaka kusimulia, msikilizeni bila kumkatisha na bila kumwambia "yalipita hayo". Asipotaka, msimlazimishe. Gongo na dawa za usingizi za kununua bila cheti mziweke mbali. Ikipita wiki nne na bado halali, hali, au anasema heri angekufa, aonwe hospitali ya wilaya na aelezwe kama mgonjwa wa kiwewe. Msimpeleke kama mwendawazimu. Hospitali za mikoa zina wahudumu wa afya ya akili, na matibabu ya mazungumzo yanasaidia hata uzeeni.

Mtoto sasa. Mtoto wa miaka sita hajui kwamba video ile ni ya mbali na ya siku moja. Akiiona mara kumi, kwake kambi imepigwa mara kumi, na ya kumi na moja inaweza kuwa ya kwenu. Kukojoa kitandani, kung'ang'ania mama, kuumwa tumbo asubuhi ya shule, kuogopa ndege inayopita juu, yote hayo ni hofu, si ukaidi. Usimchape wala usimwaibishe mbele ya wenzake. Mwambie kwa maneno machache na ya kweli: "Ile ni nchi nyingine. Watu wabaya walifanya jambo baya. Hapa tuko salama, na mimi nipo." Akiuliza kama babu alikuwa pale, usimdanganye. Mwambie babu naye aliwahi kukimbia alipokuwa mdogo, watu wa huku wakampokea. Rudisha ratiba yake, chakula kwa saa ile ile, kulala kwa saa ile ile, mchezo. Wengi hutulia ndani ya mwezi. Asipotulia, au akikojoa na mchana, akinywa maji kupita kiasi au akipungua uzito, mpeleke apimwe mkojo na sukari, tusije tukasingizia hofu kumbe ni ugonjwa.

Nimalizie na huduma ya kwanza, kwa sababu bodaboda za Nachingwea zinaleta majeraha yasiyo mbali na haya. Damu ikitoka kwa nguvu, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi na mikono miwili, kwa uzito wa mwili wako, bila kufungua kila dakika kuchungulia. Ikitoka mkononi au mguuni na haikomi, funga kwa nguvu juu ya jeraha kwa kitambaa kipana, kaza kwa kijiti, na uandike saa uliyofunga. Kitu kilichochoma na kubaki mwilini usikichomoe. Palipoungua pamiminie maji safi ya baridi kwa dakika ishirini. Dawa ya meno, unga na yai viache jikoni. Plastiki iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Na watoto wanaookota vyuma chakavu waambiwe wazi kwamba chuma wasichokijua hawakiguswi, wanamwita mtu mzima. Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa liliua wanafunzi na kujeruhi makumi.

Mdogo wangu wa Ruponda, mzee akishapigwa picha ya mguu, niandikie daktari amesema nini. Na ile video, ifuteni kwenye simu zote za nyumbani, pamoja na ya kaka mkubwa aliyeipokea kwenye kundi la WhatsApp. Wiki ijayo ni zamu ya lishe.